Namna ya kufuatilia virutubisho vya tunda pori kuanzia changa hadi bivu: mwongozo kamili

Jedwali likikwambia kwamba tunda fulani la porini lina miligramu 300 za vitamini C katika kila gramu 100, usilishangilie wala usilikatae kabla hujauliza mambo mawili. Lilichumwa likiwa limefikia wapi? Na hizo gramu 100 ni za tunda lenye maji yake, au ni za unga mkavu? Chukua tunda ambalo asilimia 85 yake ni maji. Kama 300 ni ya unga mkavu, ukila tunda lenyewe unapata 45 tu kwa gramu 100. Kama 300 ni ya tunda lenye maji yake, unga wake una 2,000. Hakuna aliyedanganya, ila msomaji amekwishapotea.

Matunda pori yana tabu yake zaidi ya matunda ya shambani. Shambani miti ni ya aina moja, imepandwa pamoja na huzaa pamoja. Porini kila mti umeota kwa mbegu yake, juu ya udongo wake, na mara nyingi tawi moja hubeba ua, tunda changa na tunda bivu siku hiyohiyo. Ndiyo maana namba moja peke yake kuhusu “tunda pori” huwa haina maana kubwa. Yenye maana ni mwendo: kipi kinapanda, kipi kinashuka, lini, na kwa kipimo gani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeandaa utafiti, mtu wa lishe, au msindikaji anayetaka kujua achume lini. Hatua nyingi zinawezekana kwa mizani, refraktomita (kifaa kidogo kinachotumia mwanga kupima vilivyoyeyuka katika juisi) na vyombo vichache vya kioo. Zinazohitaji maabara kubwa nimezitaja kwa ufupi, kwa kuwa huko utapeleka sampuli na kulipia.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Usianze kupima kabla ya kujua unatarajia nini. Tunda linapoiva, mambo mengi hutokea kwa pamoja lakini kila moja hufuata saa yake.

Sukari hutoka majanini. Baadhi ya matunda huiweka akiba kama wanga, kisha yakianza kuiva vimeng'enya huuvunja wanga huo kuwa sukari. Ndizi ndiyo mfano unaofahamika zaidi: ikiwa mbichi nyama yake huwa na wanga wa asilimia 20 hivi, ikiiva kabisa hubaki asilimia moja au mbili. Matunda mengine, kama zabibu, machungwa na beri nyingi, hayana akiba ya wanga ya maana. Utamu wake huletwa na mti hadi siku ya mwisho, kwa hiyo ukikata kikonyo mapema umeikata na sukari.

Tofauti hiyo inakwenda sambamba na jambo jingine. Mwaka 1934 Richard Gane, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kwamba matunda yanayoiva hutoa yenyewe gesi ya ethilini. Katika kundi moja la matunda (embe, parachichi, papai, pera, ndizi) gesi hiyo huongezeka ghafla, upumuaji wa tunda hupanda, na uivaji huendelea hata tunda likiwa limeshachumwa. Kundi la pili halina mpando huo. Likichumwa bichi litalainika kidogo, litabadilika rangi pengine, kisha litanyauka bila kuongeza utamu. Kwa tunda pori ambalo halijachunguzwa, kujua liko kundi gani ni ugunduzi wa maana kuliko namba nyingi za maabara, na hapa chini utaona kwamba unaweza kulijua kwa kapu na daftari.

Asidi kwa kawaida hushuka, kwa sababu tunda huitumia katika kupumua. Asidi ya sitriki na ya maliki ndizo za kawaida. Lakini ukwaju haufuati kanuni hiyo: asidi yake kuu ni ya tartariki, na tunda halina uwezo wa kuitumia kirahisi. Ukwaju ukiiva maji hukauka, sukari hujikusanya, na uchachu unabaki palepale. Ukisikia mtu anasema “tunda likiiva asidi huisha”, mpe ukwaju.

Vitamini C haina kanuni moja, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Katika pera huelekea kuongezeka kadiri tunda linavyopevuka, kisha hushuka likiiva kupita kiasi. Katika asirola, tunda dogo jekundu la jamii ya Malpighia, ni kinyume: likiwa kijani huwa na vitamini C nyingi kuliko likiiva, na tofauti inaweza kukaribia mara mbili. Terminalia ferdinandiana, tunda pori la kaskazini mwa Australia, hupita miligramu 1,000 kwa gramu 100, kiasi ambacho matunda mengi ya shambani hayakisogelei. Usikisie kutoka tunda moja kwenda jingine, hata kama ni ndugu.

Ukakasi unaokunja ulimi unatokana na tanini zinazoyeyuka, ambazo hukamata protini za mate. Likiiva, tanini hizo huungana na kuwa kubwa, au hunaswa na vitu vingine na kuacha kuyeyuka. Kwa hiyo ukakasi unaweza kuisha huku sehemu kubwa ya tanini ingalimo ndani. Wakati huohuo pektini inayoshikilia kuta za seli inavunjwavunjwa na tunda linalainika. Mtengeneza jemu anajua: tunda lililoiva sana haligandi vizuri, ndiyo maana huchanganya na machache yaliyopevuka tu.

Rangi husema kweli nusu. Kijani cha klorofili kinapoondoka, wakati mwingine kinafichua manjano iliyokuwamo tangu mwanzo, na wakati mwingine tunda linatengeneza rangi mpya kabisa: karotenoidi za manjano, chungwa na nyekundu, au anthosianini za zambarau na nyeusi. Beta-karotini ni lishe, kwa kuwa mwili huigeuza kuwa vitamini A. Anthosianini haigeuki vitamini yoyote. Kwa hiyo weusi wa tunda usiuhesabu kama vitamini A.

Madini hayatengenezwi wala hayavunjwi. Yanaletwa. Kalsiamu hufika zaidi na maji yanayopanda kutoka mizizini, na sehemu kubwa huingia tunda likiwa changa. Potasiamu huendelea kuja pamoja na sukari. Tunda linapojaa sukari, kalsiamu kwa kila gramu ya unga mkavu hushuka, na watu huandika kwamba kalsiamu “imepotea”. Haijapotea. Ni chumvi ileile katika mchuzi ulioongezwa maji.

Mafuta ni habari ya matunda machache. Parachichi huongeza mafuta likiwa mtini, na kwa kuwa mafuta yanapopanda maji hushuka, kiwango cha unga mkavu hutumika kama kipimo cha upevu: California huweka kima cha chini cha asilimia 20.8 kwa parachichi la Hass. Kanuni ya aina hiyo unaweza kuitafuta hata kwa tunda pori lenye mafuta.

Mwisho ni sumu, na hapa sina mzaha. Aki, Blighia sapida, ina haipoglisini A nyingi likiwa bichi, kiasi cha kuua. Nyama yake huliwa tu baada ya tunda kupasuka lenyewe mtini. Mnavu wa Solanum nigrum una sumu za jamii ya solanini ambazo huwa nyingi katika tunda la kijani na hushuka likiiva. Lakini kuiva si cheti cha usalama. Tunda la Atropa belladonna likiiva huwa jeusi, linang'aa, lina utamu kidogo, na linaua. Kokwa za jamii ya Prunus nazo hubaki na viini vinavyotoa sianidi hata nyama ikiwa tamu kabisa.

Hatua ya 1: Utambue mti kabla ya kugusa tunda

Kausha tawi lenye majani, maua na tunda, ulibane katikati ya karatasi, upeleke kwa mtaalamu wa mimea akupe jina la kisayansi. Jina la kienyeji halitoshi, maana jina moja hubeba miti mitatu na mti mmoja hubeba majina kumi. Hifadhi sampuli hiyo. Siku mtu akitilia shaka namba zako, tawi lile ndilo litakalokutetea.

Usitumie ulimi kama kifaa cha kupimia tunda usilolijua. Hata kama wanyama wanalila. Ndege hula vitu vingi vinavyomdhuru mtu.

Hatua ya 2: Gawa hatua za uivaji, na uzifunge kwa tarehe

Wengi hugawa kwa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Rangi ni rahisi lakini hulaghai, hasa upande wa jua na upande wa kivuli wa mti mmoja. Njia bora ni kufunga kitambulisho kwenye ua siku linapofunguka, ukaandika tarehe kwa penseli (wino wa kalamu hufutwa na mvua), kisha ukahesabu siku tangu ua lifunguke. Funga maua mengi kuliko unavyodhani yatahitajika. Mengine yatadondoka, mengine yataliwa na nyani, mengine yatachumwa na mpita njia ambaye hana habari na utafiti wako.

Hatua tano zinatosha kwa matunda mengi:

- Changa: mbegu bado laini, tunda linaendelea kukua.
- Pevu lakini bichi: ukubwa umekamilika, mbegu imekuwa ngumu, rangi bado ya kijani.
- Linaloanza kuiva: rangi imeanza kugeuka, nyama inaanza kulegea.
- Bivu: lipo kama walaji wanavyolitaka.
- Lililopitiliza: limelainika sana, lina harufu ya kuchacha, au limekwishadondoka.

Kata tunda katika kila hatua uangalie mbegu. Ugumu na rangi ya mbegu hukuambia upevu kwa uaminifu kuliko ganda.

Zipo aina ambazo mgawo huu haukai vizuri. Ubuyu, kwa mfano, hukaukia ndani ya kifuu chake huko mtini, na nje hubadilika kidogo tu. Kwa tunda kama hilo, gawa kwa siku na kwa kiasi cha maji ya nyama, uachane na rangi.

Hatua ya 3: Chuma sampuli inayosema kweli

Kosa linaloharibu tafiti nyingi za matunda pori ni hili: mtu anachuma matunda 60 kwenye mti mmoja, anayapima, kisha anaandika kwamba ana sampuli 60. Ana sampuli moja. Mti ndio wa kuhesabiwa, kwa sababu tofauti kubwa iko kati ya mti na mti. Chagua miti isiyopungua mitano, iliyoachana vya kutosha isije ikawa machipukizi ya shina moja, na kutoka kila mti chuma matunda 10 hadi 20 kwa kila hatua. Matunda ya mti mmoja unaweza kuyachanganya, lakini mti na mti usichanganye.

Chuma kuzunguka mti wote, juu na chini. Tunda lililokaa juani mara nyingi huwa na vitamini C na sukari zaidi ya lile la kivulini. Ukichuma ya chini tu kwa kuwa ndiyo unayoyafikia, umepima kivuli.

Chuma asubuhi, weka kwenye kisanduku chenye barafu lakini matunda yasigusane nayo, na anza kazi siku hiyohiyo. Ukilazimika kulaza, gandisha sehemu ya vitamini C kwenye baridi kali na gizani. Friji ya kawaida haiizuii kushuka.

Amua pia swali lako ni lipi: uivaji wa mtini, au uivaji wa baada ya kuchuma? Hayo ni majaribio mawili. Kwa la pili, chuma matunda pevu yote siku moja, yapange kwenye kapu kivulini, na kila siku toa kadhaa upime. Kama utamu unapanda na wanga unashuka huku tunda liko kapuni, una tunda la kundi la embe. Kama utamu hausogei, na si tunda la mafuta kama parachichi, tunda hilo lazima liivie mtini, na ushauri wowote wa “chuma mapema uvundike” haulifai. Angalizo moja tu: tunda lililokaa kapuni hupoteza maji, na maji yakipungua kila kitu kingine huonekana kimeongezeka. Kwa hiyo pima uzito wa kila tunda siku ya kwanza, na hesabu zako zote zigawe kwa uzito huo wa mwanzo.

Hatua ya 4: Vipimo vya siku ya kuchuma

Pima uzito wa tunda zima, kisha tenganisha ganda, nyama na mbegu upime kila kimoja. Sehemu inayolika iandike kwa asilimia. Matunda mengi ya porini, kama ya mng'ong'o, yamejaa ganda na kokwa, na mtu anayesoma namba ya nyama tupu anaweza kudhani tunda moja linampa mara tatu ya linachompa kweli.

Kisha kipimo cha iodini. Kata tunda katikati, lipake maji ya iodini yenye potasiamu iodaidi, subiri dakika moja. Penye wanga pataingia weusi wa bluu. Piga picha nusu za hatua zote tano zikiwa zimepangwa kwa mfuatano. Kipimo hiki ni cha bei ndogo na kinaonyesha wanga unaondokea upande gani wa tunda, jambo ambalo mashine ya maabara haikuonyeshi. Tunda lililopakwa iodini halifai kuliwa tena.

Hatua ya 5: Maji na unga mkavu

Usiruke hatua hii hata kama hutafanya nyingine, maana bila kujua maji hakuna namba yoyote inayolinganishika.

Pima kisahani kitupu kilichokaushwa. Weka gramu 5 hivi za nyama iliyokatwakatwa, upime tena. Kausha katika tanuri, kipoze ndani ya chombo chenye kemikali ya kunyonya unyevu, upime. Rudia hadi uzito usibadilike. Joto la nyuzi 105 ndilo la kawaida kwa vyakula vingi, lakini kwa nyama yenye sukari nyingi linaunguza fruktosi na kukuonyesha “maji” ambayo hayakuwa maji. Kwa hatua bivu tumia nyuzi 60 hadi 70, ikiwezekana katika tanuri la ombwe, na joto ulilochagua litumike kwa hatua zote. Ukitumia 105 kwa machanga na 70 kwa mabivu, tofauti utakayoiona itakuwa ya tanuri.

Ukipenda majivu, ambayo ni jumla ya madini, unga huohuo mkavu uchomwe kwenye tanuru la nyuzi 550 mpaka ubaki mweupe au wa kijivu hafifu.

Hatua ya 6: Brix na asidi

Kamua matone ya juisi kupitia kitambaa safi, weka kwenye refraktomita iliyosawazishwa kwa maji yaliyotoneshwa, usome Brix, yaani asilimia ya vilivyoyeyuka katika juisi. Kama kifaa chako hakirekebishi joto chenyewe, soma ukiwa karibu na nyuzi 20. Kumbuka Brix hupima kila kilichoyeyuka: sukari, asidi, chumvi, pektini. Katika tunda bivu lenye sukari nyingi tofauti na sukari halisi ni ndogo. Katika tunda changa lenye asidi kali, Brix ya 7 inaweza kuwa na sukari kidogo sana. Ukwaju na ndimu ndiyo mitego mikubwa hapa.

Asidi hupimwa kwa titresheni, yaani kudondoshea kimiminika cha nguvu inayojulikana mpaka rangi igeuke, kisha kuhesabu kiasi kilichotumika. Chukua gramu 10 za juisi, ongeza mililita 50 za maji yaliyotoneshwa na matone machache ya fenolfthalini, dondoshea sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (M ni moli kwa lita) hadi waridi hafifu ibaki kwa nusu dakika. Juisi ikiwa nyekundu au zambarau hutaiona rangi hiyo. Tumia mita ya pH na uishie pH 8.2.

Hesabu yake ni hii: mililita zilizotumika, mara 0.1, mara kizidishio cha asidi, mara 100, gawa kwa gramu za juisi. Kizidishio ni 0.064 kwa sitriki, 0.067 kwa maliki, 0.075 kwa tartariki. Mfano, mililita 12 kwa gramu 10 za juisi, ukihesabu kwa sitriki, ni asilimia 0.77. Andika daima umehesabu kwa asidi gani, kwa kuwa titresheni yenyewe haijui.

Gawa Brix kwa asidi. Uwiano huo hufuata ladha kuliko namba yoyote kati ya hizo mbili ikisimama peke yake. Mara nyingi tunda hugeuka tamu mdomoni kwa sababu asidi imeshuka, wala si kwa sababu sukari imepanda.

Hatua ya 7: Vitamini C, haraka na kwa ubaridi

Vitamini C huharibiwa na hewa, joto, mwanga, na shaba ya vyombo. Fanya kazi upesi, tumia kisu cha chuma kisichoshika kutu, na saga nyama moja kwa moja ndani ya asidi ya metafosforiki ya asilimia 3 iliyopozwa.

Njia inayofikika ni titresheni ya iodini. Gramu 10 za nyama zilizosagwa katika asidi hiyo zifikishwe mililita 100, uchuje. Chukua mililita 20 za mchujo, ambazo ni sawa na gramu 2 za nyama, ongeza uji mwepesi wa wanga, kisha dondoshea iodini ya 0.005 M mpaka rangi ya bluu ibaki. Kila mililita moja ya iodini hiyo ni miligramu 0.88 za vitamini C. Ukitumia mililita 5, una miligramu 4.4 katika gramu 2, yaani 220 kwa gramu 100. Iodini hupoteza nguvu ikikaa, kwa hiyo kila siku ihakikishe kwanza: miligramu 10 za vitamini C safi zinapaswa kula mililita 11.4 hivi. Pima na asidi tupu isiyo na tunda, utoe kiasi chake.

Sasa mtego, ambao sioni ukielezwa vya kutosha. Tanini nazo hula iodini. Tanini ni nyingi zaidi katika tunda changa. Maana yake kosa la njia hii halilingani katika hatua zote: linaipandishia hatua changa namba kuliko hatua bivu, na linaweza kukuchorea mteremko wa vitamini C ambao haupo. Kwa tunda lenye ukakasi, tumia iodini kujielekeza tu, na angalau hatua mbili (pevu na bivu) zipeleke kwenye maabara yenye kromatografia ya kimiminika ya mgandamizo mkubwa. Njia ya DCPIP, rangi ya bluu inayofutwa na vitamini C, nayo ni nzuri kwa juisi nyeupe, lakini haioni vitamini C iliyokwisha kuoksidika, ambayo mwilini bado inafanya kazi.

Mtego huo una pacha wake upande wa pili. Kipimo cha Folin-Ciocalteu, kinachotumika kila mahali kupima jumla ya fenoli (kundi ambalo tanini zimo), huhesabu vitamini C kama fenoli. Katika tunda lenye vitamini C nyingi, toa mchango wake, la sivyo unapima kitu kimoja mara mbili kwa majina mawili.

Hatua ya 8: Vya kupeleka maabara kubwa

Protini hupimwa kwa njia ya Kjeldahl ya mwaka 1883: hupimwa naitrojeni, kisha huzidishwa kwa 6.25. Katika nyama ya matunda protini huwa ndogo, na sehemu ya naitrojeni hiyo si ya protini. Mafuta kwa kifaa cha Soxhlet. Madini kwa mashine za kupima elementi. Beta-karotini ilindwe na mwanga tangu kuchumwa. Ukipata namba yake, gawa mikrogramu kwa 12 upate vitamini A kwa kipimo cha retinoli. Kwa jamii yoyote inayojulikana kwa solanini, sianidi au haipoglisini, agiza kipimo cha sumu hiyo kwanza, vingine baadaye.

Hatua ya 9: Gawa kwa vitu vitatu

Hapa ndipo kazi yote inapokolea au kuharibika. Kila kirutubisho kihesabu mara tatu: kwa gramu 100 za tunda lenye maji yake, kwa gramu 100 za unga mkavu, na kwa tunda moja zima. Chukua mfano wa kubuni:

- Tunda pevu, bichi: nyama gramu 10, maji asilimia 85, vitamini C yote miligramu 30. Hiyo ni 300 kwa gramu 100 zenye maji, na 2,000 kwa unga mkavu.
- Tunda bivu: nyama gramu 20, maji asilimia 80, vitamini C yote miligramu 40. Hiyo ni 200 kwa gramu 100 zenye maji, na 1,000 kwa unga mkavu.

Ukisoma safu ya kwanza, vitamini C imeshuka kwa theluthi. Ukisoma ya pili, imeshuka nusu. Ukisoma kwa tunda, imepanda kwa theluthi. Mti haukuharibu vitamini C. Uliendelea kuitengeneza, lakini sukari na maji viliongezeka kwa kasi zaidi.

Kila safu ina mtu wake. Mlaji anayekula tunda kama lilivyo anahitaji ya kwanza. Anayekausha na kuuza unga anahitaji ya pili. Anayetaka kujua tunda linafanya nini, yaani mtafiti wa mimea, hawezi kukwepa ya tatu. Ripoti yenye safu moja bila kusema ni ipi, mimi huiweka kando.

Hatua ya 10: Soma mchoro, kisha amua siku ya kuchuma

Chora siku tangu ua lifunguke kwenye mstari wa chini, na kila kirutubisho kwa mstari wake. Usitafute siku ambayo kila kitu kiko juu, haipo. Tafuta siku inayofaa shabaha yako.

Anayetaka vitamini C kwa ajili ya unga, na tunda lake lina tabia ya asirola, achume likiwa pevu na kijani, avumilie uchachu. Anayetaka beta-karotini asubiri rangi ikamilike. Mtengeneza jemu achanganye bivu na pevu. Anayelisha watoto asubiri ukakasi uishe, na si kwa ladha peke yake: tanini huzuia mwili kufyonza chuma, ilhali vitamini C husaidia kukifyonza. Matunda mawili yenye chuma sawa kwenye karatasi, moja bichi na jingine bivu, yanaweza kuupa mwili chuma tofauti. Na palipo na sumu inayoshuka kwa kuiva, hiyo ndiyo inayoamua siku, hata kama vitamini zote zilikuwa juu wiki iliyopita.

Kabla ya kutoa ushauri kwa wengine, rudia msimu wa pili kwa miti ileile. Mvua ikichelewa au kuzidi, maji ya tunda hubadilika, na Brix hubadilika nayo. Kama mstari wa unga mkavu unafanana katika misimu miwili huku ule wa tunda lenye maji umesogea, uliyoyaona ni ya mvua. Kama yote miwili imesogea, ongeza miti kabla ya kuongeza vipimo.